Matandiko ya punda: Biashara ipo, lakini si pale wengi wanapoitafuta

KATIKA kata ya Mgwashi, Halmashauri ya Bumbuli, wilayani Lushoto, swali la kwanza la mkulima baada ya mavuno si bei ya Dar es Salaam. Swali ni nani atautoa mzigo shambani hadi barabarani. Viazi, maharage, ndizi na chai viko mteremkoni. Gari liko juu ya kilima au chini bondeni. Hapo katikati pana njia ya miguu, utelezi na shingo ya mwanamke.

Hiyo hatua ya kati, ambayo haiingii katika taarifa yoyote ya soko, ndiyo inayokula faida. Mnunuzi wa Mombo anajua bei yake na mwenye lori anajua nauli yake. Mkulima hupunjwa kabla hata hajamwona mmojawapo kati yao.

Kwa sababu hiyo wapo watu, akiwamo mjomba wangu, ambao kila baada ya miaka michache huligundua upya jibu la zamani: punda. Na wakishampata punda hugundua, kwa gharama, kwamba punda asiye na tandiko si chombo cha usafiri. Ni mnyama tu anayesubiri kidonda.

Ukurasa huu wiki hii unatazama biashara ya matandiko: soji au shogi la mizigo, hatamu, lijamu, mikanda na yote yanayofungwa kwenye mwili wa mnyama ili afanye kazi. Wasomaji wawili watatu wametaka kujua kama ni mahali pa kuweka mtaji mdogo. Jibu fupi ni ndiyo, kwa masharti. Masharti hayo ndiyo makala yenyewe.

Pwani ilikuwa na lugha ya mwendo

Tuanze na jambo ambalo wengi tumelisahau. Kiswahili kina maneno ya mwendo wa mnyama wa kupandwa ambayo leo hayasikiki sokoni. Punda au farasi akienda mbio ndogo za kumrusharusha mpandaji, huenda matiti. Akitimua mbio kabisa, huenda shoti. Lakini akienda haraka kwa hatua fupi zilizo laini, mpandaji akakaa kama yuko kitini, basi huyo anakwenda telki.

Maneno hayo hayakuzuka hewani. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na punda weupe wa Maskati, wakubwa kuliko hawa wa kijivu tunaowajua, walioletwa kwa majahazi na kupandwa na wenye nafasi. Salme binti Said, binti wa Sayyid Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, anawataja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Mnyama wa namna hiyo alinunuliwa kwa mwendo wake, na tandiko lake lilikuwa sehemu ya heshima ya mwenyewe.

Punda wa mizigo naye alikuwa na vazi lake. Shogi la pwani ni mkoba mkubwa wa ukili unaolazwa mgongoni, ulio wazi katikati, hivyo kila ubavu ukapata mfuko wake. Kule Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, punda wameendelea kubeba mawe, mchanga na saruji hadi kizazi hiki. Idadi yao ni kubwa kiasi kwamba mwaka 1987 shirika la hisani la Uingereza lilifungua kituo cha kuwatibu bila malipo. Sehemu ya kazi ya kituo cha aina hiyo ni vidonda vya mgongo na vya mikanda.

Kwa nini punda na si farasi? Jibu ni la kitaalamu na la kibiashara kwa pamoja. Mbung'o huleta ugonjwa wa nagana, na upo ugonjwa mwingine wa farasi, unaoenezwa na visubi, ambao huua farasi wengi na kumwacha punda akiwa hai. Mwaka 1916 majeshi ya Smuts yalipoteremka na bonde la Pangani kuwafukuza Wajerumani, yakapita Mombo chini ya milima hii hii, yaliingia na farasi na nyumbu kwa maelfu. Wengi sana hawakurudi, na adui wao mkubwa hakuwa risasi. Yeyote anayekuja kwako na wazo la kufuga farasi wa kukodisha katika nchi ya joto, mkumbushe habari hiyo kabla hajafungua pochi.

Ndoto ya kuuza nje

Hapa niwashughulikie wale waliosikia kwamba Wazungu na Wamarekani hununua matandiko ya ngozi kwa bei ya kutisha, hasa ya farasi wa telki.

Ni kweli farasi hao wapo na wana mashabiki. Iceland wanao, Colombia na Peru wanao, India wanao wa Marwar, Marekani wanao wa Tennessee, na hapa Afrika Lesotho wanao farasi wao wadogo wa milimani wanaosifiwa kwa mwendo huo huo. Farasi wa kawaida akienda matiti huinua mguu wa mbele na wa nyuma ulio kinyume chake kwa wakati mmoja, na mpandaji hurushwa. Farasi wa telki hukanyaga mguu mmoja baada ya mwingine, midundo minne, na mgongo wake hautikisiki sana. Kwa hiyo mpandaji wake hana haja ya kuinuka na kukaa, na tandiko hutengenezwa akiwa amekaa tu: kiti kirefu na bapa zaidi, kilichowekwa mahali ambapo bega la mnyama lina nafasi ya kucheza. Peru wana hata vikuku vya mbao vyenye umbo la kisanduku, mguu unaingia ndani.

Yote hayo ni mazuri kuyajua. Lakini tandiko la aina hiyo hujengwa juu ya fremu ya mti inayopimwa kwa mgongo wa farasi halisi. Fundi asiyemwona farasi huyo anabahatisha, na mnunuzi anayelipa bei ya kutisha halipii kubahatisha. Soko la bei ya chini nalo lina mwenyewe: Kanpur, India, wana viwanda vinavyotoa matandiko kwa wingi, na sifa ya kazi ya juu imekaa Walsall, Uingereza, tangu enzi za magari ya farasi. Fundi wa Lushoto atakayeingia katikati ya hao wawili anahitaji mtaji, ngozi ya daraja la kwanza na farasi wa kupimia. Vitatu hivyo hana. Turudi nyumbani.

Kilichobadilika baada ya ngozi

Tangu kati ya miaka ya 2010, bei ya punda Afrika Mashariki ilitawaliwa na kitu kisichohusiana na kazi yake. China hutumia ngozi ya punda kutengeneza ejiao, aina ya gundi inayouzwa kama dawa na kirutubisho. Kenya ilifungua machinjio manne kuanzia mwaka 2016, na kwa muda wa chini ya miaka mitatu punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Serikali ya huko ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata. Kwetu machinjio yaliruhusiwa Dodoma na Shinyanga, yakasimamishwa mwaka 2017, na mwaka 2022 serikali ikatangaza kusitisha uchinjaji kwa ajili ya ngozi kwa miaka 10. Desemba mwaka huo huo Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika juu ya punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuizuia biashara hiyo bara zima.

Mfanyabiashara asome habari hiyo kwa jicho lake. Wakati ngozi ndiyo iliyokuwa ikiweka bei, punda mwenye kidonda na punda mzima waliuzwa karibu sawa, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanakwenda kisuni. Wizi uliongezeka na mwenye punda hakuwa na sababu ya kutumia fedha kwa mnyama ambaye asubuhi anaweza asimkute. Ngozi ikiondoka katika hesabu, kinachobaki na thamani ni mgongo. Mgongo mzima una bei na mgongo uliooza hauna. Hapo ndipo tandiko linapoanza kuwa bidhaa.

Sitaki kusema soko la magendo limekwisha. Lakini mtu anayepanga biashara halali afuate mwelekeo wa sheria, na mwelekeo uko wazi. Tena tangu 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayomhusu mwenye punda anayemzidishia mzigo au kumwacha na majeraha. Haijasumbua watu wengi milimani, ila ipo.

Tandiko linafanya kazi gani hasa

Mjomba wangu alinunua punda wawili kutoka tambarare. Aliwapandisha Mgwashi kwa miguu, siku mbili, akiwa mwenye furaha. Tandiko lao lilikuwa magunia mawili yaliyokunjwa, na mkanda ulikuwa kamba ya nailoni. Mimi nilichangia sehemu ya fedha, kwa hiyo kejeli hii ninajipiga na mimi pia: nimesoma shahada ya biashara na katika mpango wetu hapakuwa na hata mstari mmoja wa tandiko. Wiki ya tatu punda wa kwanza alikuwa na shimo juu ya uti wa mgongo. Wa pili alikatwa na kamba nyuma ya kwapa. Wote wawili walikaa bila kazi wiki saba, wakila.

Tuchambue kosa letu, kwa kuwa ndani yake mna bidhaa yote.

Kwanza, uti wa mgongo. Mfupa ule haukuumbwa kubebea kitu juu yake. Uko chini ya ngozi tu. Kinachoweza kubeba ni nyama za pande mbili. Tandiko lolote lililo sahihi, liwe la ngozi, la mti au la magunia, lina mito miwili iliyojazwa vizuri, mmoja kila upande, na mfereji katikati ambao hewa inapita. Ukisimama nyuma ya punda aliyebebeshwa, unapaswa kuona mwanga katika mfereji huo. Gunia lililokunjwa halina mfereji. Linautupa mzigo wote pale pasipostahili.

Pili, kujaza. Sponji ya godoro hupendwa kwa sababu ni laini dukani. Ikipata kilo 50 hulala kama karatasi, na ikilowa haikauki. Usumba wa nazi, majani makavu yaliyosokotwa au vitambaa vilivyoshindiliwa hufanya kazi vizuri zaidi na vinaweza kuongezwa kila vinapolala. Mto uwe mgumu kama mkate wa juzi. Laini kama mto wa kulalia ni hasara.

Tatu, na hili ndilo la milimani: mteremko. Tambarare tandiko hushikwa na mkanda wa tumbo na mambo yakaisha. Mgwashi haijui tambarare. Punda akipanda, mzigo wote unataka kurudi kiunoni. Akishuka, unataka kumwangukia shingoni. Mwenye punda asiyejua hujibu kwa kukaza mkanda wa tumbo, kisha kukaza tena, hadi unakata ngozi. Dawa si kukaza. Dawa ni mikanda miwili ya ziada: mmoja mpana unaopita kifuani, unaozuia tandiko lisirudi nyuma wakati wa kupanda, na mwingine unaozunguka nyuma ya mapaja, chini ya mkia, unaozuia lisikimbilie mbele wakati wa kushuka. Mikanda hiyo miwili ikiwapo, ule wa tumbo unaweza kufungwa kiasi cha vidole viwili kupita bila shida.

Nimeona watu wakiuza "tandiko kamili" lisilo na mkanda wa nyuma. Kwa mnunuzi wa Dodoma huenda likafaa. Kwa Lushoto ni nusu tandiko kwa bei ya zima.

Nne, upana wa mikanda. Kamba nyembamba hukata, iwe ya nailoni au ya katani. Mkoa wa Tanga ulianza historia yake ya mkonge mwaka 1893, wakati Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida, ikasalia 62 tu na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Ingekuwa ajabu kama bidhaa ya nyumbani isingetumika. Inatumika, na inafaa, ila si kama ilivyo. Singa za mkonge ni kali kwa ngozi yenye jasho. Zisukwe ziwe mkanda bapa wa upana wa vidole vinne, kisha mkanda huo uvalishwe turubai au kitambaa cha pamba sehemu zinazogusa mwili. Mpira wa ndani wa tairi nao hutumiwa sana. Ni wa bei nafuu na hauozi, lakini hauruhusu jasho kutoka, na ukilalia ngozi moja kwa moja hutoa malengelenge.

Ngozi iliyodabaghiwa ndiyo bora kwa mikanda ya kifua na nyuma. Hapo pana kichekesho cha uchumi wetu. Lushoto ina miwati iliyopandwa tangu zamani, na magamba ya mti huo ndiyo dawa ya kudabaghia. Njombe kampuni ya miwati ilianzishwa kwa kazi hiyo mwaka 1949. Ng'ombe tunao kwa mamilioni. Bado fundi wa milimani akitaka ngozi nene iliyotengenezwa vizuri mara nyingi huifuata Moshi au Dar es Salaam. Asipoipata hushona mkanda kwa ngozi mbichi iliyokaushwa juani, ambayo ikinyeshewa inakuwa kama utumbo na ikikauka inakuwa kama bati.

Lumbesa haikai mgongoni

Kuna mpinzani wa tandiko ambaye hatajwi, naye ni gunia. Soko la viazi la Lushoto limezoea lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likapita kilo 100. Tumeandika mara nyingi jinsi lumbesa inavyomwibia mkulima kwenye mizani. Hapa naongeza kosa lake la pili: lumbesa haiwezi kubebwa na punda.

Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kati ya kilo 120 na 180. Kanuni inayotumika na wataalamu wa wanyama kazi ni kwamba mzigo usizidi takriban theluthi ya uzito wake, tandiko likihesabiwa ndani, na njia ya mlima inataka upunguze hapo. Basi tuzungumzie kilo 40 hadi 50. Na kilo hizo ni lazima zigawanywe pande mbili zilizo sawa. Upande mmoja ukizidi hata kilo tano, tandiko linapinda, mfereji unahama na mto mmoja unakalia mfupa. Kilo tano, kwa saa mbili za njia, zinatosha kufungua kidonda.

Kwa hiyo anayetaka kutumia punda hana budi kufunga mazao katika vifuko vya kilo 20 au 25 tangu shambani. Hilo linamsumbua mnunuzi aliyezoea gunia kubwa. Kwa upande mwingine, kifuko cha kilo 25 kinapimika, na mkulima anajua ameuza nini. Sidhani kama punda atatuondolea lumbesa, lakini nimefurahi kugundua kwamba wote wawili hawawezi kuwa marafiki.

Hesabu

Tufanye hesabu ya karatasi. Takwimu zilizomo ni za mfano tu; msomaji aweke za kwake.

Tuseme mzigo wa kilo 50 kutoka shambani hadi barabarani unalipwa Sh. 4,000. Punda anakwenda safari mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni Sh. 40,000 kwa wiki. Ujira wa kijana wa kumwongoza, chakula na dawa tuviweke Sh. 12,000. Zinabaki Sh. 28,000.

Tandiko la magunia na kamba ni Sh. 6,000. Tandiko sahihi lenye mito miwili, mikanda mitatu mipana na pete za chuma tuliweke Sh. 90,000. Tofauti ni Sh. 84,000, yaani kazi ya wiki tatu. Mwenye punda anaiona tofauti hiyo na kukimbia.

Sasa weka kidonda kimoja cha wiki sita. Mapato ya Sh. 240,000 yanakosekana, na gharama hazikosekani, kwa kuwa kijana na tumbo la punda havina likizo. Hasara hiyo moja ni karibu mara tatu ya tofauti ya bei ya matandiko, bila kuhesabu dawa. Na kidonda cha mgongo kikishapona huacha kovu lisilo na manyoya ambalo hufunguka haraka zaidi mara ya pili. Mjomba aligundua hilo pia.

Kwa mnunuzi, basi, hesabu haina utata. Kwa fundi au mwekezaji anayetaka kutengeneza, subiri.

Tandiko zuri linadumu. Likidumu miaka mitatu, na eneo lako lina punda 60 wa kazi, na wote wakanunua kwako bila hata mmoja kukopa, utauza matandiko 20 kwa mwaka. Ukipata Sh. 30,000 juu ya gharama kwa kila moja, ni Sh. 600,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 50,000 kwa mwezi. Hiyo si kazi. Ni posho. Na Mgwashi yenyewe kuwapata punda 60 wa kazi ni kuota.

Sababu si umaskini wala ujinga. Punda ni mnyama wa nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, akinyeshewa hupata baridi, na kwato zake huoza kwenye tope la kudumu. Usambara ya upande wa mvua humtaka awe na banda lenye paa na sakafu kavu, gharama ambayo Mgogo au Mmasai haijui. Ndiyo maana watu wa huku wamebeba kwa vichwa miaka yote, na pikipiki ilipokuja ilichukua kila njia ambayo tairi linaweza kushika. Kilichobaki kwa punda ni vile vipande ambavyo pikipiki inashindwa: miteremko mikali, mabonde yasiyo na daraja na msimu wa utelezi. Ni soko la kweli, lakini jembamba.

Wanunuzi wako wapi

Soko pana liko miguuni pa milima. Ukishuka Soni hadi Mombo, ukaenda kulia au kushoto kwa barabara kuu, unaingia nchi ya punda: Mkomazi, Same, na upande wa pili Handeni na Kilindi zenye wafugaji wa Kimasai. Akina mama wa Kimasai wana shogi lao la ngozi, nao wanajua kupanga mzigo kuliko wengi wetu; usiende kuwafundisha. Wanachoweza kununua ni vipuri: mikanda, pete, bizimu, kamba bapa zilizovalishwa.

Aidha, tambarare punda hubeba kidogo na huvuta sana. Mkokoteni ndio biashara yenyewe. Hapo kosa kubwa linaloonekana ni nira ya ng'ombe kuwekwa shingoni mwa punda. Ng'ombe ana nundu ya kusukumia, punda hana. Punda husukuma kwa kifua. Nira inamchuna shingo na kumpunguzia nguvu, na mwenyewe anadhani amenunua punda mvivu. Kinachotakiwa ni mkanda mpana wa kifua uliojazwa, kamba mbili za kuvutia, na tandiko dogo la kushikilia miti ya mkokoteni. Mkanda wa kifua hulika haraka kuliko shogi, kwa hiyo mteja anarudi kila mwaka badala ya kila baada ya miaka mitatu. Mwenye mtaji mdogo aanzie hapo.

Kwa maoni yangu fundi mwenye cherehani ya viatu au anayeshona maturubai na viti vya magari pale Mombo au Korogwe amekwisha kuwa na nusu ya karakana. Anahitaji punda mmoja wa kupimia, kigezo cha mbao na subira ya kuuza vipande kabla ya kuuza seti. Hana haja ya kuacha kazi yake ya zamani, na asiache. Kwa Mgwashi na vijiji vya juu, atengeneze kwa oda tu, akimpima punda, malipo nusu mbele, na mkanda wa nyuma usikosekane.

Mambo matatu ayachunguze kabla ya kununua ngozi hata futi moja. Punda wa kazi wangapi wako ndani ya safari ya siku moja kutoka karakana yake, kwa kuwahesabu mwenyewe siku ya gulio na si kwa kuambiwa. Wangapi kati yao wana vidonda, na mahali gani mwilini, kwa sababu mahali pa kidonda panamwonyesha kipande gani kiuzwe kwanza. Na wenye punda hulipwa lini. Mvutaji wa maji na matofali hupata fedha kila siku, mbebaji wa mazao hupata msimu, na mkopo wa msimu ukishakuwa mkononi mwa mkulima wa viazi huwa unangoja bei ipande.

Kuhusu mjomba, punda mmoja alimuuza kwa hasara Mombo. Wa pili yupo. Tulimshonea tandiko la turubai lililojazwa usumba, mito miwili, mikanda mitatu, na sasa hubeba vifuko viwili vya maharage vya kilo 20 kila kimoja hadi barabarani, kiangazi tu. Masika hulala bandani na mjomba hulipa pikipiki kama watu wengine. Fedha yangu bado haijarudi yote.